Jiwe la Kwanza la Taasisi ya Majeometa

Waheshimiwa wote, kila mutu kwa cheo chake na kwa kiti chake; Muheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mukubwa ambaye angefika leo kama njia ya kupanda Kadutu ingekubali gari lake; Muheshimiwa shefu wa avenue yetu, mutaa huu, papa Cyprien, ambaye amefika kwa wakati kwa sababu anakaa hapa hapa; mapadri wetu wapendwa, ambao bado hawajatokea lakini viti vyao munaviona; maman Micheline, prezidenti wa wauza-sombe na mboga nyingine wa soko letu; watu wa usalama, wale wanaoonekana na wale wasioonekana; wafanyakazi wa kadastre, ile ofisi ya ardhi, wa sasa, wa zamani na wale wanaojiita hivyo; vijana wa moto-taksi, ambao ninawaomba kwa unyenyekevu muzime injini; wababa, wamama na vijana wa kilima hiki: protokole yote imeheshimiwa, na kama kuna mutu nimemusahau, ajue kwamba nimemusahau kwa heshima kubwa.

(Makofi kutoka viti vya mbele. Nyuma mutu anauliza kama soda zitagawiwa kabla au kisha.)

Kisha. Anayesimama mbele yenu ni mimi, Parfait Cishugi, Kordonateri wa Muda wa Komisio ya Kudumu ya Brevet za Wapima-Ardhi, ambao sisi wote tunawaita majeometa. Mutoto wa kilima hiki, jirani yenu, mwenye ile nyumba ya ghorofa munayoiona hapa nyuma yangu, ile yenye ukuta wa rangi ya maziwa, ambayo nimekubali itoe kivuli bure kwa ajili ya sherehe ya leo. Ninasema haya bila kujisifu, kwa sababu kazi ya kunisifu tumeipa fanfara ya parokia. (Tarumbeta moja inalia, inanyamaza.) Asante, kijana, si sasa. Nitakuonyesha kwa mukono.

Ndugu zangu, tumekuja kuweka jiwe la kwanza la Taasisi ya Mukoa ya Mafunzo, Mitihani, Brevet na Uangalizi wa Majeometa, jengo la ghorofa nyingi, picha yake munaiona pale kwenye ubao, lenye madirisha ya vioo mpaka chini, ukumbi wa mitihani, chumba cha kungojea majibu ya mitihani, na bustani ya maua ambayo kwa sasa hayaoti Bukavu lakini yataoteshwa kwa utaratibu. Pembeni munaona teodolite ya kisasa, ile mashine ya miguu mitatu ya kupimia ardhi, tumeifunika kitambaa kwa sababu haipendi jua. Mustari wa pili munaona waombaji wa brevet, yaani cheti cha kazi, vijana wetu wenye mashati meupe. Na juu ya meza ndilo hilo jiwe lenyewe, limechongwa, limepigwa rangi nyeupe, linangojea. Kwa kuwa mawingu yanatoka upande wa ziwa, na mvua ya hapa haijawahi kuheshimu protokole, nimeamuru kwamba shimo lichimbwe wakati mimi ninaongea, ili maneno na kazi vitembee pamoja, jambo ambalo katika utawala wetu ni jipya kabisa.

(Makofi. Delphin, mwanaume wa miaka ya kati, anavua viatu vyake vya ngozi na kushika jembe.)

Huyu Delphin munamujua. Ni jeometa, mutu wa masomo, amepima nusu ya kilima hiki. Tangu nilipotia sahihi Uamuzi wangu hana ruhusa ya kupima hata meza, lakini Komisio haitupi watu wake, ndiyo maana leo tumemupatia kazi ya kuchimba. Delphin, usijichokeshe, piga pale kando ya ukuta wangu penye udongo laini.

Ninaona maman Adolphine anapita katikati ya viti vya wageni na beseni lake la lenga-lenga. Kwa wale waliotoka mbali, maman Adolphine ni mujane wa marehemu muzee Bulonza, na nyumba yake ni ile ya mabati hapo chini, ile inayoharibu kidogo mandhari ya Taasisi. Maman, tunakuheshimu sana, lakini hapa ni kiwanja cha serikali, kuna wageni. Kaa pale pembeni. Ukitaka kuchambua mboga zako, chambua kwa utulivu.

(Maman Adolphine anakaa pembeni, juu ya tofali, na kuanza kuchambua.)

Basi. Kabla yangu, hali ilikuwaje? Kila mutu mwenye kamba alikuwa jeometa. Parsele moja, kiwanja cha kulaza mbuzi watatu, iliuzwa kwa familia tatu, na kila familia ilikuwa na mupango wake uliochorwa vizuri, na mihuri, na kaskazini tofauti. Kamba zilikuwa zinarefuka kiangazi na kufupika wakati wa mvua. Kule Kamituga, kwenye dhahabu, nilikwenda kwa misio ya kazi, nikaona kwa macho yangu wakipima kiwanja kwa hatua za miguu: muuzaji amemuleta jeometa mufupi, mununuzi amemuleta jeometa murefu kuliko mulango, na wote wawili wanatembea sambamba wakitukanana. Kwa mujibu wa takwimu za Komisio, ambazo nilizikusanya mimi mwenyewe nikiwa kwenye gari, asilimia themanini na saba ya ugomvi wa muji huu unatokana na mipaka, asilimia ishirini na tisa unatokana na wakwe, na unaobaki ni kelele za vyumba vya maombi. Ninasikia mwalimu mumoja pale anasema hesabu inapita mia. Ndiyo inapita, mwalimu, kwa sababu ugomvi wetu umepita kiasi.

(Kicheko. Mwakilishi wa mwakilishi anaandika jambo kwenye mukono wake.)

Kwa hiyo nikasema imetosha, nikatia sahihi Uamuzi. Tangu siku ile hakuna mutu mwenye haki ya kufungua mashine ya kupimia, wala kuvuta kamba, wala kupanda borne, yaani jiwe la mupaka, kama hana brevet ya Komisio. Na kupata brevet ni jambo rahisi. Muombaji alete diploma ya chuo, na nakala ya diploma, na barua ya yule aliyethibitisha nakala, akithibitisha kwamba yeye ni yeye. Alete cheti cha mwenendo mwema, na cheti cha macho, jicho la kulia peke yake na la kushoto peke yake, kwa sababu katika kazi hii hufungwa moja. Aonyeshe kwamba amefanya kazi kama jeometa mwenye brevet kwa miaka isiyopungua mitano, jambo ambalo bila shaka hawezi kulifanya kabla ya kupata brevet, na ni hapo tunapoona nani ana subira na nani hana. Halafu afanye mutihani wa vitendo, juu ya kiwanja cha Taasisi, kwa mashine za Taasisi, mbele ya walimu wa Taasisi, ambayo ndiyo hii tunayoiwekea jiwe leo.

(Mutu anakohoa.)

Ninaona hamujaelewa. Vizuri, ndiyo maana kuna mafunzo. Matokeo ni yapi? Matokeo ni kwamba tangu Uamuzi utoke, hakuna hata jeometa mumoja wa uongo aliyepata brevet katika muji huu. Hakuna hata mumoja wa kweli pia, lakini tunakwenda polepole. Delphin huyu aliniletea dosie nene ya karatasi zote, nikamurudisha kwa sababu ya picha, alikuwa ametabasamu, na mipaka si jambo la kutabasamu. Kijana mwingine alitoka Kamituga juu ya moto-taksi, kwenye ile barabara munayoijua, akafika ofisini na matope mpaka masikioni. Nilimuambia ukweli bila kumuficha, kwamba muombaji lazima awe safi. Alirudi Kamituga siku ile ile. Huo unaitwa ukali wa kazi, na wenzetu wa nchi zilizoendelea wanatuonea wivu.

Na ninaahidi. Ninaahidi kwamba Taasisi itatoa majeometa wa kutosha, kila avenue wa kwake, na avenue zenye mwinuko mukali zitapewa wawili, mumoja wa kupanda na mumoja wa kushuka. Ninaahidi ndege ndogo zisizo na rubani, zitakazopima parsele zenu kutoka juu mukiwa mumelala. Ninaahidi kwamba hata kilima kikiteremka kwa mvua, kama tulivyozoea, mipaka itabaki juu, kwenye kompyuta, na mwenye parsele atajua kwamba nyumba yake imehama kinyume cha sheria.

(Makofi ya wasiwasi.)

Sasa niongee juu ya adui wa kweli wa kazi hii. Adui huyo si rushwa, rushwa tunaijua na tunaishi nayo vizuri. Adui ni desturi. Wazee wa hapa, wakitaka kupanda borne kati ya majirani, walikuwa hawaiti Komisio. Walikuwa wanapika maharage. Majirani wa pande zote wanakuja, wanakula pamoja pale pale juu ya mupaka, wanakunywa kasiksi yao ya ndizi, na wakimaliza wanachukua makala ya moto ule ule uliopika maharage, haya makaa meusi ya jikoni munayoyajua, wanayamwaga shimoni pamoja na chombo kilichovunjika, na jiwe linakaa juu. Eti makala hayaozi. Eti siku mwizi akiling'oa jiwe, makala yatabaki chini na kusema kwamba mupaka ulikuwa hapa, na kila aliyekula maharage ni shahidi mpaka kufa kwake.

(Vichwa vingi vinatikisika kukubali.)

Musikubali, ninabeza. Ninabeza jambo ninalolijua, kwa sababu mimi mwenyewe, kabla sijawa mutu mukubwa, nilialikwa kwenye karamu ya namna hiyo, nikiwa jirani mupya. Maharage yalikuwa na mafuta ya mawese, sikatai, nilikula sahani mbili. Na muzee mwenye parsele, mutu wa kuchekesha sana, alikosa chungu cha kuvunja, akachukua kikombe chake cha bati, cha buluu, kilichotoboka kitako, akakilaza ndani ya makala taratibu namna mutu analaza mutoto, akaniambia: "Jirani, hiki kitatukumbuka." Kikombe. Kitukumbuke. Nilicheka mpaka nikafika nyumbani, na nyumbani hapakuwa mbali.

(Fanfara inacheka kwa sababu mukubwa anacheka. Maman Adolphine ameacha kuchambua mboga. Anamutazama.)

Ona, maman Adolphine amesimama. Maman, maswali ni kisha, pamoja na soda. Anasema hawezi kungoja kisha. Basi asikilizwe, Komisio ni ya watu. Anasema kwamba chini ya hema hili kulikuwa na viazi vyake na lenga-lenga, na wageni wamekaa juu yake. Anasema kwamba zamani kulikuwa na borne hapa kando ya ukuta wangu, iliyopandwa na marehemu, na kwamba ilipotea msimu ule wa mvua kubwa, wakati mimi nilikuwa ninatengeneza ukuta. Anasema alimuita Delphin aje kupima upya, Delphin akakataa kwa kuogopa Uamuzi. Akaja ofisini kwangu, akaambiwa arudi na jeometa mwenye brevet. Akatafuta jeometa mwenye brevet Bukavu nzima, na hakuna. Anasema hana parsele nyingine wala mahali pengine pa kwenda, na anataka kuambiwa mbele ya watu: ya kwake inaishia wapi?

Swali zuri sana, maman, swali la kiufundi. Nitakujibu kiufundi. Parsele ambayo mupaka wake haujathibitishwa na jeometa mwenye brevet, kisheria haina mupaka. Kitu kisicho na mupaka hakiwezi kuwa cha mutu, kwa sababu hatujui kinaanzia wapi. Kwa wema wake, Komisio imeamua kwamba parsele yako inaishia pale ukuta wa nyumba yako unapoishia, tena tumekuongezea sehemu yale maji ya mabati yanapodondokea, hiyo ni zawadi. Kutoka pale mpaka ukuta wangu ni ardhi ya Taasisi, chini ya ulinzi wa jirani wa karibu, ambaye kwa bahati ni mimi. Na mpaka ujenzi uanze, jambo linaloweza kuchukua muda, nimejitolea kuegesha gari langu hapa ili pasiwe pori.

(Manung'uniko. Maman Micheline anasema kwa sauti: "Na jikoni yake, Papa Parfait? Iko inje ya nyumba.")

Jikoni itajadiliwa na komisio ndogo. Na ili mutu yeyote asije kesho akachezea muradi, nitawasomea kifungu cha Uamuzi nilichokiandika mimi mwenyewe, ninachokipenda kuliko vyote: "Jiwe likishawekwa ardhini na otorite, yaani mukubwa wa serikali, mbele ya wananchi, jiwe hilo ni mupaka, na hakuna mutu, awe raia, awe mwenye silaha, awe hata mwenye kutia sahihi Uamuzi huu, aliye na haki ya kuling'oa, chini ya adhabu ya gereza."

(Makofi makubwa, mara hii hata nyuma.)

Ninashangaa munavyokipenda. Nitarudia sehemu ile tamu: hata mimi. Sheria haina jirani. Anayeng'oa jiwe, kama jina lake ni Parfait, Parfait analala gerezani na kula chakula cha gerezani, ambacho

(Jembe la Delphin linagonga kitu. Anaacha kuchimba.)

ambacho tunajua ni kidogo. Delphin, endelea. Mbona umeacha? Anasema udongo umekuwa mweusi. Udongo wa Kadutu ni wa rangi nyingi, ndugu yangu, endelea. Anasema si udongo, ni makala. Waheshimiwa, tusiwe na haraka. Delphin hana brevet, kwa hiyo kisheria hajaona kitu. Makala yakionwa na jeometa asiye na brevet, ni makala ambayo bado hayajaonekana. Yatangoja mutaalamu.

(Delphin anapiga magoti, anaingiza mukono shimoni, anatoa kitu, anakifuta kwa suruali yake, anakiinua. Ni kikombe cha bati, cha buluu, kitako kimetoboka. Hakuna anayepiga makofi.)

Vikombe vya buluu viko vingi Bukavu. Kila nyumba ilikuwa navyo. Ninaomba kikombe hicho kiletwe mezani, kwa ofisi. Nimesema mezani. Musikipitishe kwa mikono ya watu, kitachafuka.

(Kikombe kinapita kutoka mukono mpaka mukono, viti vya mbele, mustari wa mashati meupe, mpaka kwa maman Adolphine. Anaingiza kidole chake kwenye tundu la kitako. "Ni ya bwana yangu," anasema.)

Tuendelee na programu. Papa Cyprien, kwa nini umesimama? Shefu wa avenue hana neno kwenye programu, angalia mwenyewe, jina lako liko kwenye ukaribisho tu. Anasema si yeye anayeongea, ni desturi. Anasema makala yakitoka, lazima iulizwe. Iulizwe nini, papa? Tumeshatoka kwenye mambo hayo, nimeyaeleza sasa hivi.

(Papa Cyprien anavua kofia. "Nani alikula maharage?" anauliza, na yeye ndiye wa kwanza kuinua mukono. Maman Micheline anainua wa kwake. Muzee mumoja kwenye viti vya nyuma anainua fimbo. Halafu watu wote wanageuka kutazama meza ya heshima, wanangoja. "Inua mukono, Papa Parfait," anasema maman Micheline taratibu. "Wewe ulikula sahani mbili.")

Mimi niko otorite. Otorite haiinuaka mukono, otorite inainuliwaka mikono. Ile ilikuwa karamu ingine, mahali pengine, wakati ule hata ukuta haukuwa. Musinitazame hivyo, batu ya Mungu, mimi ni mutoto wenu. Na munafikiri ni nini, hata kama ni kweli? Kama mupaka ni hapa kwa ukuta wangu, basi maana yake hema hili, na meza hii, na hawa waheshimiwa wote na viti vyao, tumekaa sisi wote kwa maman Adolphine tangu saa tatu. Munaona wenyewe kwamba haiwezekani.

(Mwakilishi wa mwakilishi anainua miguu yake kutazama chini ya kiti. Tone la kwanza la mvua linaanguka juu ya mikro ya kuongelea.)

Gentil! Dereva, wewe Gentil, acha gari, kuja hapa. Beba jiwe, saidia Delphin, tieni shimoni upesi, yale makala yafunikwe, programu iendelee. Ninaweka jiwe la kwanza rasmi. Kijana wa tarumbeta, sasa.

(Tarumbeta haipo tayari. Gentil na Delphin wanalibeba jiwe. Kabla halijashuka, maman Adolphine anakuja mpaka kwenye shimo na kulaza kikombe ndani ya makala, mahali pake. Wanaume wanangoja amalize. Jiwe linashuka juu ya kikombe, linakaa. Papa Cyprien anasukuma udongo kwa kiatu, na wengine wanamusaidia.)

Vizuri. Limewekwa na otorite, mbele ya wananchi, kamera zimeona. Sasa tuseme kwa nguvu, tumalize. Nikisema Jeometa, munijibu Brevet. Jeometa! (Kimya. Tarumbeta inalia.) Si sasa. Nikisema Taasisi, munijibu Maendeleo. Taasisi! (Kimya.) Tujaribu ile rahisi. Borne ni ya nani? (Watu wote: "Ya maman Adolphine.") Jibu lilikuwa Ya Taifa, lakini nimesikia nguvu yenu.

Kabla mvua haijatutawanya, protokole inanilazimisha kushukuru, na mimi kushukuru sishindwi. Ninaishukuru familia ya bibi harusi Larissa, wenye hema hili. Harusi ni kesho, ninawaomba musilikanyagie matope. Ninawashukuru wachimbaji wa Kamituga, wenye hizi kofia ngumu ambazo waheshimiwa wa mbele wamevaa; zinarudi leo na gari ya jioni, muzivue polepole. Ninamushukuru mupiga picha wetu Xavier, mwenye ile miguu mitatu ya kamera iliyofunikwa kitambaa, ambayo munaiita teodolite, na mimi sikuona sababu ya kuwakataza. Ninaishukuru kwaya ya vijana, waliokubali kuvaa mashati meupe na kuitwa waombaji wa brevet. Mazoezi yenu ya kuimba ni saa kumi, nendeni. Ninawashukuru wenye hoteli ya kando ya ziwa, ambao picha ya jengo lao iko kwenye ubao, sisi tulifunika jina tu. Ninamushukuru mufadhili wa Taasisi, ambaye tutamutafuta. Na ninalishukuru jiwe lenyewe, jiwe lenye kazi nyingi, lililofungua daraja kule Kamituga, likafungua maternite, nyumba ya kuzalia, mahali ambapo sikumbuki, na kesho asubuhi linangojewa Luberizi kwenda kufungua gala ya muchele. Kwa hiyo, Gentil, toa jiwe, pakia kwenye gari, njia ya bondeni ni mbaya.

(Gentil anatazama jiwe. Anatazama watu waliosimama kulizunguka. Hasogei.)

Gentil, nimekuambia. Lile ni jiwe la kazi. Papa Cyprien, waambie wasogee. Anasema nini? Anasema nisome tena kile kifungu. Kifungu gani? Ndiyo, kile. "Hata mwenye kutia sahihi." Nilisema. Nilisema mara mbili. Hapana, maman Micheline, sina haja ya kusaidiwa kusoma, ni mimi niliyekiandika, na kimeandikwa vizuri kabisa. Gentil, acha jiwe. Rudi kwenye gari. Luberizi nitawapigia simu, nitawaambia kwamba jiwe limepata kazi ya kudumu.

Imebaki shukrani moja. Ninaona hamuondoki, na mvua imeanza. Munataka niseme. Kwenye karatasi yangu imeandikwa: "Ninawashukuru wenye mahali kwa kutupokea," halafu kuna nafasi tupu, kwa sababu kwa kawaida nafasi hiyo hujazwa na katibu. Basi nijaze. Ninamushukuru maman Adolphine, mujane wa muzee Bulonza, kwa kutupokea kwake, ndani ya parsele yake, kutoka jiwe hili mpaka chini kule. Nimesema. Mikro ilikuwa inafanya kazi? Nimesema.

(Maman Adolphine anafunga kitenge chake vizuri, anachukua beseni. Anaangalia hema, viti, waheshimiwa wenye vichwa vilivyolowa, halafu yule jirani wa ukuta wa rangi ya maziwa.

"Karibuni kwangu," anasema. "Maharage iko ku moto tangu asubuhi. Borne imerudi, lazima tukule. Papa Parfait, kaa chini. Leo utapata sahani moja.")